Masikio Mazima

Siku Burito alipomwambia kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume ni mlinzi wa zizi tu, wala si mwenye zizi, Wankyo alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa kilichojaa mpaka shingoni. Hakumrushia. Baadaye, kila alipokumbuka yule bwana alivyokuwa anatabasamu huku macho yake yanatembea mgongoni mwa ng'ombe, alijuta kwa nini hakumrushia.

Burito alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Matanga hayajaisha vizuri, majivu ya moto wa msiba bado yako uani, yeye ameshaanza kupita zizini asubuhi na jioni. Kwanza alidai anaangalia kupe. Kisha akasema wazi kwamba mavuno yakimalizika ng'ombe wote watahamia kwake, na Wankyo ataachiwa mmoja wa maziwa, kwa huruma, kwa sababu nyumba yake imezimika. Akamaliza kuyasema hayo, akaomba maziwa ya kunywa kabla hajaondoka. Na Wankyo, kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, akampa. Adabu nayo kuna siku inamponza mtu.

Sasa kule kwa Wazanaki, upande wa Butiama, mjane hakuachwa bila njia kabisa. Mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa. Ndiyo, kuoa: anatoa ng'ombe wa mahari kwa baba wa msichana, msichana anakuja kukaa kwake, anamwita mama, na watoto watakaozaliwa wanakuwa watoto wa nyumba ile. Nyumba ntobu, ndivyo ilivyoitwa. Ukishaoa namna hiyo, nyumba yako iko hai, na hakuna shemeji wa kukugusia zizi. Wankyo alipoambiwa nyumba yake imezimika, hakulia. Alijifunga kitenge vizuri akaenda kutafuta msichana.

Lakini ng'ombe wa mahari hawapokelewi ovyoovyo. Baba wa msichana husimama mlangoni mwa zizi mbele ya mashahidi, anamshika kila ng'ombe sikio, anataja jina la aliyemtoa, ndipo anamwachia apite. Na ng'ombe huyo akifa kabla hajazoea malisho mapya, masikio yake yanakatwa na kurudishwa kwa aliyemtoa, naye lazima alete mwingine. Kwa watu hawa sikio ndilo lililosema ng'ombe ni wa nani. Ukikuta alama usiyoijua sikioni mwa ng'ombe, umekuta ugomvi, na hapo kwenye sikio ndipo mambo ya Wankyo yalipoharibikia.

Msichana alimpata katika kijiji cha Mugeta. Aliitwa Jenoveva, binti wa Makongoro, mzee mwenye maneno mengi na ng'ombe wengi kuliko maneno. Jenoveva alisoma kwa mapadri mpaka darasa la nne. Alipoinama kumpa mgeni uji, mkono wa gauni ukapanda, na Wankyo akaliona kovu la mviringo begani, kovu la chanjo ya ndui. Hakuangalia sura wala kiuno, wala hakuuliza kama binti anajua kulima. Aliliangalia lile kovu mpaka uji ukapoa mkononi.

Maana yeye alizaa watoto watatu, na ndui iliwachukua wote katika kiangazi kimoja. Wachanjaji walikuwa wamepita kijijini mwaka ule ule. Mama mkwe wake akawaficha wajukuu ghalani, akidai mtoto aliyetiwa alama na Mzungu anakuwa wa Mzungu. Baada ya hapo tumbo la Wankyo halikushika tena, na watu wakasema amerogwa. Hakurogwa na mtu. Alijua kilichowaua wanawe, na alijua kwamba dawa ilipita mlangoni kwake huku wao wamo ghalani wamezibwa midomo. Hasira ya siku ile hakuimaliza. Aliizoea tu, akawa anaamka nayo na kulala nayo.

Kwa hiyo lori la mifugo lilipofika kutoka Musoma, yeye hakuhitaji kubembelezwa. Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Lori lilishusha watu na masanduku ya barafu, na bwana mifugo, kijana mmoja aliyeitwa Silasi, kaptula imenyooka kwa pasi, akapanda juu ya pipa akahutubia. Alisema sotoka, tauni ya ng'ombe, itafutwa Afrika nzima. Ile dawa ya zamani, iliyotengenezwa kwa kupitishwa mwilini mwa mbuzi, iliyokuwa ikiwadhoofisha ng'ombe wenyewe, sasa imepata mwenzake: wataalamu wameotesha dawa mpya ndani ya chupa, hapo Kenya tu, na ng'ombe akichomwa mara moja ameagana na sotoka maisha yake yote. Akaonya pia kwamba nyati wa mbugani wanaubeba ugonjwa huo, watu wasilishe karibu nao. Akamaliza kwa kusema Uhuru na Kazi, akashuka.

Watu waliguna. Sotoka waliijua tangu kwa babu zao, waliosimulia mwaka ambao fisi walishiba mpaka wakaacha mizoga, kisha watu nao wakafuata kwa njaa. Ugonjwa wa namna hiyo unaondokaje kwa sindano moja? Wankyo hakuguna. Mwezi uliopita alikuwa amepeleka samli soko la Mwigobero, kule Musoma, na redio ya mwenye duka ikatangaza kwamba mwanamke wa Kirusi amerushwa angani, akaizunguka dunia, akarudi mzima. Wanunuzi wa dagaa walicheka wakasema huo ni uongo wa redio. Wankyo alirudi nyumbani anamfikiria yule mwanamke njia nzima. Kama hilo linawezekana, ng'ombe kupona sotoka ni jambo gani la kugunia?

Tatizo lilikuwa koleo. Kila ng'ombe aliyechomwa alitobolewa sikio kwa koleo la chuma, tundu moja lenye umbo la ua, ili wachanjaji wajue amekwisha kupata dawa. Silasi hakueleza zaidi ya hapo. Kwake tundu ni tundu. Hakujua amesimama katika nchi gani, wala hakuuliza.

Habari za tundu zilimfikia Makongoro kabla ya lori. Wankyo alipokwenda Mugeta kupanga siku ya mahari, mzee alimwambia pale pale kwamba ng'ombe mwenye alama ya Serikali hataingia zizini kwake. Alikumbushia miaka ya vita ya Wazungu, ng'ombe wa watu walivyotiwa alama, wakaambiwa ni hesabu tu, kisha watu wa kofia wakarudi na kuwachukua. Wankyo akamjibu kwamba hao walikuwa wakoloni, sasa ni Uhuru. Makongoro akasema alama ni alama, mwenye nayo akija utamjua siku hiyo.

"Ng'ombe mwenye tundu ni wa Serikali," alisema. "Wewe utanipaje mali ya Serikali uoe binti yangu? Niletee masikio mazima, mkwe, au usilete kitu."

Mzee hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuudhi Wankyo zaidi. Mjinga unaweza kumpuuza. Huyu alikuwa na sababu yake, kaishikilia kwa mikono miwili, na ilikuwa sababu ile ile ya mama mkwe wake na ghala. Alitaka kumwambia hivyo. Lakini mavuno yalikuwa yanakaribia kwisha, Burito alikuwa ameanza kujenga zizi kubwa zaidi, na msichana mwingine asingempata kabla ya hapo. Akaitikia.

Siku ya chanjo alifika na ng'ombe wake wote, wale wa kubaki na wale wa mahari. Wa mahari aliwatenga pembeni, mbele yao Madoa, jike mwenye mabaka ya kahawia aliyemlea kwa mkono tangu ndama, maana mama yake alikufa siku ya kumzaa. Makongoro alikuwa amemchagua Madoa kwa jina. Wa kubaki wakapita kwenye uchochoro wa miti, wakachomwa, wakatobolewa. Kisha Wankyo akamfuata Silasi.

"Hawa ni wa mahari. Wachome sindano, masikio yaache."

"Mama, bila tundu hakuna sindano. Ndivyo ilivyoagizwa."

"Kinachozuia ugonjwa ni sindano au ni tundu?"

"Ni sindano."

"Basi tundu la nini?"

"La kuwatambua. Mama, watu wanasubiri, foleni ndefu hii."

Alimwomba tena, kwa upole. Alimweleza habari ya mahari. Silasi alisikiliza nusu, akafuta jasho, akasema akimwachia mmoja wote watataka, na akamwita mwenye ng'ombe anayefuata. Dawa ilikuwa pale, kwenye barafu, hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama Madoa. Wankyo aliitazama mara moja tu, kisha akawageuza ng'ombe wake wa mahari, akarudi nao bila kuchanjwa.

Njiani alikutana na Burito. Hee, siku hiyo Burito alikuwa mtamu kuliko asali. Alisema amesikia habari, amemwonea huruma, na wachanjaji wanapita boma kwa boma kutafuta ng'ombe waliofichwa. Yeye ana kambi ya malisho mbele ya Mugeta, ukielekea mbugani, majani yamejaa. Awaweke wale wa mahari huko mpaka lori liondoke, halafu kutoka huko mpaka kwa Makongoro ni karibu. Wankyo hakumwamini. Aliona kabisa kwamba mtu anayetaka kumnyang'anya hawezi kumsaidia bure. Ila hakuwa na kaka hapo karibu wala kijana wa kuchunga, na lori lilikuwa bado linanguruma kijijini. Akawatoa.

Alipokwenda kuwachukua, aligundua mambo mawili, na yote mawili yalimpandisha damu kichwani. La kwanza, ng'ombe walikuwa wamenenepa kwa sababu walichungwa bondeni, na matope ya bonde lile yalijaa nyayo za nyati. La pili, kati yao walikuwamo ng'ombe wa Burito mwenyewe, na kila mmoja alikuwa na tundu sikioni. Burito alikuwa amewapeleka wake Bunda kuchanjwa mapema kabisa, kabla lori halijafika Butiama. Wankyo alipomuuliza, alijibu bila hata kuona haya.

"Wangu si wa mahari, shemeji. Mimi sioi."

Hapo ndipo mtu mwingine angerudi nyumbani. Yeye angerudi wapi? Silasi hakutaka kuwachanja bila tundu, Makongoro hakuwataka wakiwa na tundu, na Burito alikuwa anahesabu vikapu vya mavuno. Ng'ombe walionekana wazima, macho makavu, pua safi. Akawaswaga mpaka Mugeta akiwa na mashahidi wake, akisali njiani kwa Mungu wa kanisani na kwa wale wa nyumbani pia.

Mahari ilipokelewa vizuri. Makongoro alisimama mlangoni, akashika sikio baada ya sikio, kila mara anasema kwa sauti: ng'ombe wa Wankyo. Alipofika kwa Madoa alilipitisha sikio lake kati ya vidole polepole, akafurahi kwamba ni zima, halina hata mkwaruzo. Jenoveva akachukua sanduku lake dogo la bati, akamfuata mama mkwe wake. Walipofika, msichana aliufagia ua bila kuambiwa, kisha akauliza kama anaweza kutundika picha ya Bikira Maria ukutani. Jioni ile moshi ulitoka katika nyumba iliyoambiwa imezimika, na Wankyo akasimama nje kuutazama akiwa na furaha ya kutambia.

Furaha yenyewe haikukaa. Wiki ya pili habari zikaja kutoka Mugeta kwamba ng'ombe wa Makongoro wanalia machozi. Zikafuata nyingine: midomo imeoza, wanaharisha maji yenye harufu ya kumkimbiza mbwa, wanaanguka. Wale wa Wankyo ndio waliotangulia. Halafu ugonjwa ukaingia kwa ng'ombe wa mzee mwenyewe, maana yeye kwa kuogopa alama ya Serikali hakumchanja hata ndama. Silasi akaweka karantini. Askari wakasimama njiani, na mizoga ikachomwa moto. Moshi wa Mugeta ulikuwa mweusi, watu waliuona kwa mbali.

Kwa Wankyo hakuna aliyekohoa. Ng'ombe wake wenye tundu walikula, wakanywa, wakalala wakicheua. Kila asubuhi aliwaangalia macho, kila asubuhi yalikuwa makavu, na kila asubuhi alitukana. Jenoveva alimwambia afadhali ashukuru. Wankyo akamjibu kwamba atashukuru akishamaliza kukasirika.

Kisha Makongoro akaja. Alikuja na ndugu zake wawili na kapu kubwa, na nyuma yao Silasi, maana hakuna aliyeruhusiwa kutoka Mugeta bila yeye. Mzee alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani, na yale maneno mengi hakuwa nayo tena. Burito naye alifika, nani alimwita haijulikani, lakini kunguru haitwi kwenye mzoga. Majirani wakajaa uani. Makongoro akalipindua kapu, na masikio ya ng'ombe yakamwagika chini mbele ya Wankyo, yamekauka kwa chumvi na jua. Yote mazima.

"Ng'ombe zako hizo, mkwe," alisema. "Hazikukaa hata mwezi. Nataka zingine, au nataka binti yangu. Na ugonjwa umeniletea wewe, sina hata wa kukamua."

Desturi ilikuwa upande wake, kila mtu aliijua. Burito hakungoja hata Wankyo avute pumzi. Akasema jambo ni rahisi: msichana arudi kwao, ndoa imekufa pamoja na ng'ombe, na hawa waliobaki yeye atawaswaga leo leo maana mavuno yamekwisha. Alikuja na fimbo kabisa. Alikuwa ameshafika mlangoni mwa zizi.

Wankyo alimfuata, akaichukua ile fimbo mkononi mwake, akaivunja kwa goti. Hakupiga kelele. Majirani walisema baadaye kwamba wangependa angepiga kelele, maana sauti aliyotumia iliwatia baridi.

"Burito, ng'ombe zangu ulizilisha na nyati. Zako ulizichanja, zangu ukazificha. Ukisema neno lingine leo, nitawaambia watu ni kwa nini."

Lakini alikuwa ameshawaambia, na macho yote yalimgeukia Burito. Ndugu mmoja wa Makongoro, aliyepoteza ng'ombe wake wote katika zizi la mzee, alimsogelea taratibu. Burito akarudi nyuma mpaka ukutani.

Wankyo akamgeukia Makongoro. Alimwita Jenoveva, akaja amejifuta mikono ya unga. Wankyo akaukunja mkono wa gauni la msichana mpaka kovu likaonekana, lile la mviringo, linang'aa.

"Hii alama ni ya nani, mkwe? Binti huyu ni wa Serikali? Ni wa mapadri? Waliomtia alama walirudi kumchukua?"

Makongoro akayatazama yale masikio pale chini.

"Mimi niliiona nikakutolea ng'ombe. Ningekuwa kama wewe ningekwambia niletee bega zima. Wanangu walikuwaga na mabega mazima, mkwe. Watatu. Nenda ukaangalie makaburi yao, yako nyuma ya ghala."

Mzee aliangalia bega la binti yake kwa muda, kana kwamba hakuwahi kuliona, na huenda kweli hakuwahi. Kisha akasema kwa shida kwamba hao wenye tundu atawapokea. Zizi lake ni tupu, mtoto wake wa kiume naye anataka kuoa, na Silasi amesema barabarani hapiti ng'ombe asiye na tundu. Atawapokea tu, afanyeje.

Wankyo angeweza kuwatoa hapo hapo, mambo yakaisha. Ila kwanza alimgeukia msichana. Alimuuliza mbele ya watu kama anataka kubaki au anataka kurudi na baba yake, na akamwambia ajibu lililo moyoni mwake, hakuna atakayemgusa. Watu walishangaa, maana swali la namna hiyo halikuwa sehemu ya desturi. Jenoveva aliushusha mkono wa gauni lake kwanza.

"Nitabaki, mama. Lakini huyu," alimwonyesha Burito kwa kidevu, "juzi alinipita kisimani akaniambia watoto wa nyumba hii yeye ndiye atakayewazaa. Mwanaume nitamchagua mwenyewe. Kama haiwezekani, narudi kwa baba."

Kumbe hata hilo lilikuwa limepangwa. Wankyo alihisi masikio yake yanawaka. Alisema inawezekana, na mwanaume mwingine yeyote mwenye mipango kama hiyo ajue kwamba kuna fimbo nyingine nyuma ya mlango. Kisha akaenda kulifungua zizi.

Hapo ndipo alipomwambia Makongoro kwamba ng'ombe hawa hatawachukua kwa kuwafukuza kama watu wanaohama. Atawapokea kama mahari, hapa hapa, mbele ya mashahidi. Mzee akasimama mlangoni. Ng'ombe wa kwanza alipotoka, alimshika kwenye shingo.

"Sikio," alisema Wankyo.

Mzee akashika ukingo wa sikio, mbali na tundu.

"Tia kidole, mkwe. Pale unapopaogopa."

Makongoro akaingiza kidole chake kwenye lile tundu lenye umbo la ua. Aliposhusha pumzi alisema, kwa sauti iliyokauka lakini iliyosikika mpaka kwa waliosimama nyuma ya uzio: "Ng'ombe wa Wankyo." Akaja wa pili. Kidole tunduni, ng'ombe wa Wankyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Burito alikuwa pale ukutani akisikiliza, na kila lilipotajwa jina alijua linatajwa na mwanaume, mbele ya mashahidi, juu ya ng'ombe ambao yeye alikuwa ameshawajengea zizi la kuwapokea. Kabla ya ng'ombe wa mwisho kutoka, alikuwa ameondoka. Hakuna aliyemuaga.

Zizini walibaki wachache, mmoja wa maziwa na mitamba. Wankyo hakuwa tajiri tena, lakini nyumba ilikuwa yake na hao waliobaki walikuwa wake. Watu walianza kutawanyika wakimsifu. Silasi naye alimsogelea akitabasamu, akasema amefurahi, kwamba akina mama kama yeye ndio mfano wa taifa jipya, na angependa aje Musoma siku moja awaeleze wengine faida ya chanjo.

"Faida naijua tangu zamani," Wankyo alimjibu. "Nilisimama mbele yako nikakuomba. Dawa ulikuwa nayo."

Silasi alisema agizo ni agizo. Kisha tabasamu likamtoka, akaangalia chini kwenye yale masikio, akasema kwa sauti ndogo kwamba hayo inabidi yachomwe, yana ugonjwa.

Wankyo alimwambia ayachome, lakini asubiri kidogo. Alipiga magoti penye lile rundo, akayapekua moja moja mpaka akapata sikio lenye baka la kahawia ukingoni. Lilikuwa zima, safi, halina hata mkwaruzo, kama Makongoro alivyotaka. Alilibonyeza kwa kidole gumba pale katikati ambapo tundu lingekuwa, akalibonyeza kwa nguvu mpaka ukucha ukapauka, na ngozi ile kavu haikutoboka. Jenoveva alipomshika bega ili amnyanyue, alikuta mama mkwe wake analia, amekunja uso kwa hasira, na anasema kwa kurudia, si kwa mtu yeyote aliyekuwapo pale, kwamba ghala lile kesho atalibomoa.